Mgonjwa Habebwi na Lori Tupu

Mwanangu Mwanaidi,

Barua ya heshima huanza kwa kuulizana hali. Lakini nitakuulizaje hali na wewe uko chumba cha pili, nakusikia ukifunga sanduku na kulifungua tena kwa mara ya sijui ngapi? Leo u mzima, najua. Kuanzia kesho ndipo nitakuwa sijui. Basi salamu naziweka akiba, nitakutumia zote kwa pamoja ukishafika masomoni Tabora.

Habari za sabuni, za kanga ya akiba, na za kutokula chakula cha watu usiowajua ndani ya treni, shangazi yako Zena amezisema tangu juzi, na kesho akija kukuaga atazirudia. Kwa hayo mimi sina la kuongeza. Mimi nataka kujibu lile swali uliloniuliza mchana ukiwa unaosha vyombo.

Uliniuliza, "Baba, kwa nini tusipande Dindira tukamchukue mama, tukafika stesheni wote watatu?"

Nikakujibu kwamba lori halipandi mlima ule, springi zimechoka. Ukaguna. Unajua kuguna wewe, umerithi mahali fulani. Ukasema, "Kufuata mbao linapanda. Kumfuata mama ndiyo linachoka." Nami nikatoka nje nikajifanya napima upepo wa matairi.

Ukweli ni kwamba mama yako hajapanda lori langu tangu ulipokuwa darasa la kwanza. Umekua ukiambiwa kwamba yeye ni mtu wa mlimani, joto la huku chini halipatani naye, ndiyo maana anakaa kwao na wewe unamfuata wakati wa likizo. Watu walisema hivyo, nami sikukanusha, kwa sababu maneno hayo yalikuwa rahisi kubeba. Kesho unaondoka. Sitaki uondoke na mzigo niliokufungia vibaya.

Inabidi nianze na springi, univumilie. Ni yale mabapa ya chuma yaliyopindwa na kulazwa moja juu ya jingine chini ya bodi. Ukiongeza mabapa, lori linabeba zaidi bila kukaa chini. Lakini springi iliyoandaliwa kwa ajili ya shehena ya magunia haimjui mtu mmoja. Likijaa, lori linakwenda kwa adabu. Likiwa tupu, kila shimo linakurusha mpaka kichwa kinagonga bati. Kwa hiyo sisi madereva wa barabara hii ya Handeni tuna desturi yetu, hatukuandikiwa na mtu: mgonjwa habebwi na lori tupu. Ukiitwa kumpeleka mgonjwa, kwanza unapita korongoni, unapakia mchanga, springi zinatulia, ndipo mgonjwa anapanda. Mkifika hospitali mchanga unamwagwa pembeni. Zamani kando ya njia ya hospitali kulikuwa na vilima vya mchanga ambao hakuna aliyejenga nao nyumba, na wageni walikuwa wakiuliza ni wa nani.

Desturi hiyo niliijua kabla hujazaliwa. Naomba ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Lori nililinunua Uhuru ukiwa bado mbichi. Nilikuwa dereva wa shamba la mkonge, na meneja alipofungasha kurudi kwao aliuza kila kitu mpaka mapazia. Mimi nikauza ng'ombe nilioachiwa na babu yako, watu wa hapa wakanicheka kwamba nimebadilisha maziwa kwa moshi. Sikujali. Mwaka huohuo ndipo nilipomwona mama yako sokoni Korogwe, ameshuka na tenga la peasi, anamgombeza mteja aliyekuwa anaziminyaminya. Nilinunua tenga zima ili nipate sababu ya kumrudisha kwao na tenga tupu.

Hujawahi kumwona mama yako ndani ya lori, kwa hiyo hutaamini. Alikuwa anapanda mbele kama mwenye mali, anavua viatu, anaweka miguu juu ya dashibodi, anakula peasi na kutupa vikonyo dirishani. Tukifika mahali pabaya anasema, "Taratibu, dereva, umebeba kioo." Kioo ni yeye. Tulikwenda hivyo Mkata, Kerenge, popote penye mzigo. Ulipozaliwa tukawa tunakwenda watatu, wewe umelala mapajani kwake. Springi wakati ule zilikuwa zilezile za kiwandani. Lori lilibeba kidogo na kulipwa kidogo, na sisi tulikuwa tunacheka sana.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Wewe unajua tu kwamba kijiji chetu kipo, ulikuwa mdogo mno kuelewa kilivyopatikana. Malori yalitakiwa ya kuwahamisha watu kutoka kwenye vitongoji vyao huko maporini, nasi wenye malori tukaambiwa tutalipwa kwa safari. Nikapiga hesabu. Nikibeba kaya mbili kwa safari badala ya moja, nitapata mara mbili. Nikaenda kwa fundi Kasimu pale Korogwe.

Fundi Kasimu aliingia chini ya lori, akakaa huko muda mrefu, akatoka anajifuta mikono. "Naweza kukuongezea mabapa kila upande. Litabeba mpaka ulikimbie mwenyewe. Lakini niambie, unabeba watu au unabeba mizigo?"

"Tofauti yake nini? Watu na vitu vyao."

"Mzigo haulalamiki," akasema.

Nikacheka. Akataja bei. Haikuwa ndogo, na fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya mabati. Mama yako alikuwa na mimba ya mdogo wako, na alichotaka ni kimoja tu, mtoto asizaliwe chini ya makuti yanayovuja. Jioni ile nikamweleza habari ya springi kama mtu anayeleta habari ya harusi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo likijaa litakwenda vizuri," akasema. "Na likiwa tupu?"

"Likiwa tupu litakuwa linarudi nyumbani tu."

"Na nyumbani anakaa nani?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mabati tutayapata mara mbili kabla ya masika. Mwanangu, maneno yake nayasikia mpaka leo nikiwa naendesha. Siku ile niliyaona ni maneno ya mke asiyejua biashara.

Nilifanya kazi ile msimu mzima. Niliwabeba watu na milango yao, maana wengi waling'oa mlango kwanza kabla ya kitu kingine. Niliwabeba na kuku, na majamvi, na mawe ya kusagia. Kulikuwa na bibi mmoja alikataa kukaa, alisimama njia nzima ameshika bodi, anatazama kule tulikotoka. Nilipomwambia, "Bibi, kaa, utaanguka," akanijibu, "Wewe angalia mbele, mjukuu wangu, nyuma niachie mimi." Lori halikutikisika hata kidogo. Nilimsifu fundi Kasimu moyoni, nikaona nimefanya jambo la maana. Na nilikuwa nalipwa.

Asubuhi moja nikiwa nyumbani, mama yako aliniita kutoka ndani kwa sauti ambayo sikuijua. Alikuwa anatoka damu. Mimba ilikuwa haijatimiza miezi yake. Wakunga wawili wa jirani walikuja, wakatazamana, mmoja akaniambia, "Baba Mwanaidi, washa gari." Wewe ulichukuliwa na shangazi Zena. Nadhani unakumbuka, kwa sababu ulilia ukitaka kupanda.

Tulimlaza mbele, kichwa mapajani kwa mkunga. Nikawasha. Tukafika pale korongoni, na mimi nikapunguza mwendo. Koleo lilikuwa nyuma. Mchanga ulikuwa pale, mkavu, mwingi. Mama yako akafungua macho akasema, "Pakia hata kidogo." Alikuwa mke wa dereva, alijua.

Nikatazama damu. Nikasema, "Hatuna wakati." Nikakanyaga mafuta.

Barabara uliyoizoea sasa ni nzuri ukilinganisha na ile. Lori lilikuwa linaruka. Nikienda pole naona anaisha damu, nikienda kasi namsikia anavyopigwa kiti. Kila shimo mkunga alikuwa anasema, "Ya Rabi," mpaka Korogwe. Hospitali walimpokea, wakamshughulikia vizuri, wakamwokoa. Mtoto alikuwa wa kiume. Alitoka amekufa.

Muuguzi mmoja mtu mzima alinifuata nje nilipokuwa nimekaa chini kando ya tairi. Akaniambia huenda mtoto alikuwa amekwisha kufa kabla hatujatoka nyumbani, hakuna anayeweza kujua, nisijitese. Nilimshukuru. Neno hilo nimelitumia kama bakora ya kutembelea miaka mingi. Lakini nikuambie, kama ningepakia mchanga na mtoto akafa, ningelia kama baba. Kwa nilivyofanya, sijui nalia kama nani.

Mama yako alikwenda Dindira kupumzika kwa mama yake, kama desturi inavyotaka. Baada ya siku za kupumzika kwisha, nikamfuata. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kujibu. Aliniambia tu, "Nikilisikia linanguruma, mwili wangu unaanza kutoka damu upya. Liuze, nitashuka kesho."

Nikamjibu nitaliuza nikimaliza mkataba. Ni mkataba wa nini hata sikumbuki.

Sasa hapa ndipo penye kosa ninalotaka ulijue, mwanangu, kuliko hata lile la korongoni. Pale korongoni niliogopa, na mtu mwenye hofu akikosea Mungu anamwelewa. Lakini baada ya hapo sikuwa na hofu, nilikuwa na spana. Nilirudi kwa fundi Kasimu nikamwambia atoe mabapa yote aliyoongeza. Nikanunua shokapu mpya za kupunguza mtikisiko, ambazo wakati ule zilikuwa hazipatikani, nilizifuata mpaka Tanga mjini. Nikashona godoro la kiti kwa sufi tupu. Fedha niliyotumia kulilainisha lori lile ingeezeka nyumba hii kwa mabati, na jiko pia. Kisha nikaliosha, nikapanda nalo Dindira, nikaliegesha nje ya nyumba ya bibi yako nikiwa najiona bwana harusi.

Mama yako alitoka amebeba kikapu cha chai mgongoni. Nikafungua mlango wa mbele. "Panda ujaribu," nikasema. "Ni laini. Unaweza kubeba mayai."

Alilitazama lori, akanitazama mimi. Akaja akabonyeza lile godoro kwa mkono, taratibu, kama anapima unga. "Ni laini kweli," akasema. Akafunga mlango. Akasema, "Karibu chai," na machozi yanamtoka, akaingia ndani.

Nikanywa chai, nikashuka mlima. Njiani nikawa nawaza kwamba labda nibadilishe na bushi, zile raba za kwenye springi.

Unacheka? Cheka tu. Ndivyo nilivyo. Mimi nikisikia mtu analia, natafuta spana. Hata wewe ulipofeli mtihani ule wa darasa la sita ukajifungia chumbani, nilikaa nikatengeneza mguu wa kitanda chako ambao haukuwa na kasoro. Ulikuwa unalia juu yake na mimi nagonga nyundo chini yake. Ulinyamaza kwa mshangao, nami nikadhani nimekutuliza.

Basi nikaendelea hivyo. Nilisema nitauza baada ya mavuno, kisha baada ya mavuno mengine. Sikumpa talaka, naye hakuidai. Akija mgeni kutoka mlimani ananiletea peasi kutoka kwake, nami namtumia chumvi na sukari ninapoipata. Watu wakiniuliza nasema mke wangu anamwuguza mama yake. Bibi yako alifariki, nikaendelea kusema hivyohivyo mpaka mtu mmoja akanikumbusha kwamba tulimzika pamoja. Wewe ulikuwa unashuka mlimani na kupanda, ukawa ndiyo barabara kati yetu. Ulikuwa mtoto, hukustahili kuwa barabara. Unisamehe.

Na kesho barabara yenyewe inaondoka. Wiki hii nimejikuta nasimama mbele ya jiko nikipima unga wa mtu mmoja kwa macho, nisijue ni kiasi gani. Sijawahi kupika ugali wa mtu mmoja. Nakuambia wazi kwa sababu nimechoka kutowaambia watu mambo: naogopa nyumba hii. Naogopa kurudi kesho na kukuta sufuria mahali ulipoliacha.

Umeniuliza pia habari ya fundi Kasimu, kwa nini ameniita mara mbili nami siendi. Ana springi za lori lililoanguka huko Segera, ngumu, nzima kabisa, na vipuri kama hivyo siku hizi ni kama kuokota dhahabu. Nikizifunga, chama cha ushirika kitanipa kazi ya kubeba pamba yote ya upande huu. Nisipozifunga, kazi anapewa mwingine. Watu wananiona mjinga. Nimepima, nimepima tena. Pamba italipa, hilo halina ubishi. Lakini kila nikifikia mwisho wa hesabu namsikia mtu ananiuliza, na likiwa tupu? Leo nimempelekea fundi neno kwamba ampe anayezitaka.

Ukiisoma barua hii itakuwa asubuhi, maana nitaiweka juu ya viatu vyako. Isome kabla hatujaondoka, na njiani tusiizungumze. Siwezi kulia na kubadili gia. Ukitoka nje utalikuta lori limepakiwa mchanga. Leo alasiri ulidhani nimekwenda kuomba kibali cha dizeli. Nilikuwa korongoni na koleo. Kibali nilikipata siku nyingi. Najua wewe si mgonjwa. Mashangazi watacheka, utingo wangu Sefu amekwisha kuniuliza mchanga ni wa nani, nikamwambia ni wa Mwanaidi. Wewe panda mbele, vua viatu, weka miguu juu ya dashibodi ukitaka. Nitakwenda taratibu. Nimebeba kioo.

Mama yako ametuma neno kwamba atashuka kwa basi na atatukuta stesheni. Nimewaza sana nitamwambia nini. Mwanzoni niliwaza nimwambie, nyuma kuna mchanga, njoo nikurudishe, hutatikisika. Nikaipenda sana fikra hiyo, mpaka nikaona ni ileile. Ni spana tena.

Kwa hiyo sitamwambia apande. Ufunguo nitampa Sefu likauzwe, na fundi Kasimu anamjua mtu anayelitaka lori hili kama lilivyo, na mchanga wake. Sijui kama mama yako atanitaka bila lori. Inawezekana amekwisha kuacha kunitaka, kwa jinsi nilivyochelewa kushuka. Lakini nitatembea naye mpaka panaposimama basi la mlimani, na akisema nipande, nitapanda nilipe nauli kama abiria mwingine. Akisema nisipande, nitarudi nyumbani kwa miguu, na ugali wa mtu mmoja nitajifunza.

Treni ikianza kuondoka, usitutafute kwenye umati tu, mimi mfupi hutaniona. Toa kichwa dirishani utazame upande wa barabara. Utaliona lori limeegeshwa chini ya jua, mlango wa dereva uko wazi na hakuna mtu ndani. Usishtuke, mwanangu. Usidhani baba yako amepatwa na jambo. Ujue tu kwamba nimeshuka.

Baba yako